Kipengele Kipya Kinamgharimu Nani? Namna ya Kupima Kabla ya Kukiongeza Kwenye Lugha ya Programu

Kila usiku, matatu ya Rongai ikishamaliza safari ya mwisho, kondakta hufungua simu na kubonyeza "funga siku". Programu yetu hupitia tiketi zote za siku hiyo, moja baada ya nyingine, ikiangalia nauli ya saa ile, abiria alipandia wapi na kushukia wapi, na kama mvua ilikuwa imepandisha bei. Mwishoni hutoa jumla ya kumkabidhi mwenye gari. Kanuni za nauli haziko ndani ya programu yenyewe. Zimeandikwa kwa lugha ndogo tuliyoiunda wenyewe, ili ofisi ya sacco, yaani chama cha wenye magari, ibadilishe bei bila kutusubiri.

Lugha hiyo tuliiongezea uwezo wa kudaka hitilafu. Kanuni ikigawanya kwa sifuri, au ikikosa jina la steji kwenye orodha, mwandishi wake aliweza kusema: jaribu hivi, ikishindikana fanya vile. Wateja waliuomba kwa muda mrefu. Tukaupima kwenye laptopu zetu ofisini, tukaona mambo shwari, tukautoa. Wiki hiyohiyo kondakta mmoja akanipigia simu. "Mkubwa, hii simu siku hizi inafikiria sana. Gari imeshaoshwa na mimi bado nangoja jumla."

Nikafungua kanuni za sacco yake. Hazikuwa na neno hata moja la kudaka hitilafu. Alikuwa analipia kitu ambacho hakukitumia wala hakukijua. Mwongozo huu umetokana na usiku ule, na ni kwa yeyote anayetunza lugha, iwe ya dunia nzima au ya kanuni za nauli tu.

Hatua ya 1: Andika majina ya watakaolipa

Kabla hujagusa msimbo, chukua karatasi. Eleza kipengele kwa sentensi moja, kisha chini yake orodhesha walipaji. Yupo atakayekitumia. Yupo asiyekitumia. Yupo anayekompaili, yaani anayeipa kompaila msimbo iugeuze kuwa programu inayokimbia, ambaye atasubiri zaidi kila akibadilisha mstari. Yupo anayepakua programu kwa bando la siku, ambaye kila kilobaiti uliyoongeza inatoka mfukoni mwake. Na yupo atakayeirithi lugha baada yako.

Wa kulindwa kwanza ni asiyekitumia, kwa sababu hana sauti kwenye kikao. Aliyeomba kipengele yuko pale anakitetea. Asiyekihitaji hata hajui kwamba kuna kikao. Bjarne Stroustrup, muundaji wa C++, aliifanya hii kuwa kanuni ya lugha yake: usichokitumia usikilipie, na unachokitumia kiwe kizuri kiasi kwamba hata ungeandika kwa mkono usingekishinda. Hata C++ yenyewe haikufanikiwa kila mahali. Majedwali ya kudaka hitilafu, yanayowekwa ndani ya faili, huinenepesha programu, na ndiyo sababu miradi mingine hukompaili kwa kuzima hitilafu kabisa.

Sasa jiulize: je, kipengele hiki kinaishia kwenye kompaila? Kama kinaweza kutafsiriwa chote kuwa msimbo ambao lugha tayari inaujua, basi anayekimbiza programu halipi kitu. Njia fupi ya kuandika kitanzi ni ya namna hii. Lakini kikigusa umbo la thamani, yaani namna namba au neno linavyohifadhiwa, au mwito wa funksheni, kile kipande cha msimbo chenye jina, au namna kumbukumbu inavyosomwa na kuandikwa, kimegusa kila programu iliyowahi kuandikwa kwa lugha hiyo. Mfano: thamani moja ikikua kutoka baiti 8 hadi 16 ili ibebe alama ya ziada, orodha ya namba milioni moja inatoka megabaiti 8 hadi 16. Mwenye orodha hiyo hajabadilisha herufi.

Kipengele cha kundi la kwanza nenda nacho hatua ya 8 moja kwa moja. Cha kundi la pili kinahitaji safari yote.

Hatua ya 2: Kusanya programu za zamani

Kishawishi kikubwa ni kuandika programu mpya inayoonyesha uzuri wa kipengele kipya, kisha kuipima hiyo. Hiyo ina zamu yake. Anza na programu ambazo watu wamekwisha kuandika, na usizibadilishe hata nafasi. Sisi tulichukua kanuni halisi za nauli na tiketi za siku nzima, tukafuta majina na namba za simu za abiria, tukazihifadhi.

Kama lugha yako bado haina watumiaji, andika programu tatu zinazofanya kazi ya kweli: moja isome maandishi mengi, nyingine iite funksheni ndani ya funksheni ndani ya funksheni, ya tatu iunde vitu vingi vidogo na kuvitupa. Kitanzi kimoja kinachojumlisha namba hakikuambii mengi. Kinakaa chote ndani ya kache, ile kumbukumbu ndogo ya kasi ya kichakataji, pamoja na kile kipande cha intapreta (programu inayosoma msimbo na kuutekeleza) kinachokiendesha. Kwenye vichakataji vingi, kache ya kwanza ya maagizo ni ya kilobaiti 32. Ukiongeza msimbo kwenye moyo wa intapreta, kitanzi kidogo hakitahisi kitu, lakini programu halisi inayogusa maagizo ya kila aina itaanza kusukumana kugombea nafasi hiyo.

Hatua ya 3: Tayarisha matoleo manne

Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, hata kabla saa haijaanza kuhesabu. Unahitaji:

- A: lugha ya zamani, programu ya zamani.
- B: lugha mpya, programu ileile ya zamani.
- C: lugha mpya, programu iliyoandikwa kwa kutumia kipengele.
- D: lugha ya zamani, programu inayofanya kazi ileile ya C, lakini kwa mkono.

A na B zikitofautiana, hiyo ni kodi ya wote. C na D zinakuonyesha kama kipengele kinamtendea haki anayekitumia. Wengi hulinganisha C na A, halafu wanashtuka kwamba kipengele ni kizito. Lakini A haifanyi kazi inayofanywa na C. Kwetu, A haikagui hitilafu yoyote, ikikosea inaanguka. Mpinzani wa haki wa C ni yule mwandishi mvumilivu anayekagua jibu la kila funksheni kwa mkono, mstari baada ya mstari. Ukikosa D utakataa vipengele vizuri. Ukikosa B utakubali vibaya, kama tulivyofanya sisi.

Hakikisha zote zimekompailiwa kwa kompaila ileile na mipangilio ileile ya uboreshaji.

Hatua ya 4: Andaa mashine, na iwe ya mteja

Laptopu isiyo kwenye chaji hupunguza kasi ili kulinda betri. Stima ikipotea katikati ya vipimo, tupa vyote ulivyokuwa umeanza, usivitie viraka. Funga kivinjari. Kama mfumo wako unaruhusu, funga mwendo wa kichakataji usipande wala kushuka.

Halafu tafuta simu wanayotumia wateja wako. Sisi tulinunua mbili za mitumba Luthuli Avenue, Nairobi, za aina ileile ambayo makondakta wengi wanabeba, na hadi leo sijaona pesa ya ofisi iliyotumika vizuri kuliko ile. Simu ya bei nafuu ina kache ndogo na kumbukumbu ya polepole, na ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Iweke kivulini, iache ipoe kati ya mzunguko na mzunguko. Kosa ambalo laptopu ililificha, simu hii ililitoa hadharani siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Pima, ukianza kwa kujipima mwenyewe

Nakili toleo A, nakala uiite A2. Linganisha A na A2. Ni programu moja, kwa hiyo tofauti yoyote utakayoiona ni kelele. Kama kelele ni asilimia 2, huna haki ya kumwambia mtu kwamba kipengele chako kinagharimu asilimia 1. Rudi hatua ya 4 utulize mashine, au ongeza mizunguko.

Usikimbize A mara 30 kisha B mara 30. Pokezanisha: A, B, A, B, mpaka mwisho. Joto la chumba na kazi za chinichini za mfumo zitaziangukia zote kwa usawa. Ripoti namba ya katikati pamoja na upana kutoka ndogo hadi kubwa, maana wastani peke yake huvurugwa na mzunguko mmoja uliokwama. Kwenye Linux, zana ya hyperfine itakupangia mizunguko na ile ya perf stat itakuhesabia maagizo na mara ambazo kitu kimekosekana kwenye kache. Idadi ya maagizo hutulia kuliko muda, kwa hiyo izitazame zote mbili. Kwenye simu ambayo perf haipatikani, weka kihesabio ndani ya intapreta yako: maagizo mangapi yametekelezwa, miito mingapi imefanyika.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba hata ukubwa wa vigeu vya mazingira ya mfumo (mipangilio ambayo mfumo huikabidhi programu inapoanza), au mpangilio wa faili wakati wa kuunganisha programu, unaweza kuhamisha vitu kwenye kumbukumbu kiasi cha kubadilisha kasi. Unaweza kudhani kipengele chako kimeleta au kimeondoa kasi, kumbe ni anwani tu zimesogea. Dawa ni kubadilisha makusudi: unganisha faili kwa mpangilio tofauti mara kadhaa, pima tena. Tofauti ikibaki, ni ya kweli.

Hatua ya 6: Itafute gharama ilipojificha

Namba ikishakuambia kwamba B ni nzito kuliko A, usianze kubahatisha. Kwetu sisi kihesabio kilionyesha maagizo ya lugha ni yaleyale, lakini kila mwito wa funksheni ulikuwa mzito. Tulikuwa tumeweka, kwenye kila mwito, nafasi ya kukumbuka mdakaji wa hitilafu yuko wapi na staki, ile rundo la miito inayosubiri kumalizika, ilikuwa na kina gani. Maandishi mawili kwenye kumbukumbu, yaani kuandika mara mbili kila mwito, hata kama hakuna mdakaji yeyote.

Maandishi mawili yanasikika kama si kitu. Tuseme yanagharimu nanosekunde 2. Kwa miito milioni 50, hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Tuseme kwenye simu dhaifu yanagharimu nanosekunde 10. Hapo ni nusu sekunde, kwa kazi ambayo haina faida kwa yeyote. Zidisha kwa kila kipengele ulichowahi kukiongeza kwa moyo uleule wa "ni maandishi mawili tu".

Hatua ya 7: Jaribu kuihamisha gharama

Kabla hujakataa kipengele, uliza kama gharama inaweza kubebwa na mtu mwingine, au wakati mwingine. Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu lugha kubwa zimepita humu na nyayo zao zinaonekana.

Tatizo letu lilikuwa la kuandika mapema mahali pa mdakaji, hata hitilafu isipotokea. Python ilikuwa na linalofanana nalo. Hadi toleo la 3.10, kila ukiingia kwenye try, lile eneo la kujaribu, intapreta ilitekeleza agizo la kuandika kumbukumbu ya mdakaji. Toleo la 3.11 la Oktoba 2022 liliondoa agizo hilo. Kompaila sasa huandika jedwali pembeni: kuanzia agizo hili hadi lile, hitilafu ikitokea, rukia pale. Kuingia kwenye try karibu hakugharimu tena. Hitilafu ikitokea ndipo jedwali linapekuliwa, na analipa aliyekosea. C++ ilikuwa imekwisha kutembea njia hiyo kwa majedwali yake. Bei iliyobaki ni ukubwa wa faili.

Go ilipunguza gharama ya defer, ule uwezo wa kuahirisha kazi hadi funksheni imalizike. Zamani kila defer iliandikwa rekodi wakati programu inakimbia. Toleo la 1.14 la Februari 2020 liliiachia kompaila kuupachika msimbo ule mwishoni mwa funksheni, na gharama ikakaribia sifuri kwa matumizi mengi. Defer iliyo ndani ya kitanzi bado hutumia rekodi, kwa sababu kompaila haiwezi kujua kitanzi kitazunguka mara ngapi. Hilo lingewezekana kwa kipengele chako? Ifanye hali ya kawaida iwe nafuu, na ile isiyo ya kawaida ilipe bei yake.

Rust ilichukua uamuzi mgumu zaidi. Kabla ya toleo la 1.0 ilikuwa na nyuzi nyepesi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, zinazosimamiwa na lugha yenyewe. Ili zikubaliane na nyuzi za kawaida za mfumo, kazi za kusoma na kuandika zilipitishwa kwenye tabaka la pamoja, na hata asiyezitumia alilipa. Mwaka 2014 wakaziondoa kabisa. Async, uwezo wa kazi moja kusubiri bila kuzuia nyingine, ulipoingia rasmi kwenye 1.39, Novemba 2019, kompaila ndiyo iliyougeuza kuwa msimbo wa kawaida wa hatua kwa hatua, na msimamizi wa kazi akabaki kwenye maktaba. Anayemhitaji humwita.

Wakati mwingine gharama haihamishiki, inabadilisha sura tu. Tazama jenerika, yaani msimbo mmoja unaotumika kwa aina nyingi za data. Java ilipoziingiza mwaka 2004 ilichagua kufuta aina baada ya kukompaili. Programu haikunenepa, lakini namba ya kawaida ya baiti 4 ikitaka kuingia kwenye orodha lazima ivishwe kuwa kitu kamili, ambacho kwa kawaida kwenye mashine za biti 64 ni baiti 16, na juu yake rejeleo la kukifikia. C++ na Rust hunakili msimbo kwa kila aina: inakimbia upesi, ila faili inakua na kukompaili kunachelewa. Go ilichukua njia ya kati kwenye 1.18, Machi 2022, na maelezo ya toleo hilo yalikiri waziwazi kwamba kukompaili kunaweza kuwa polepole kwa takriban asilimia 15. Naiheshimu sana kauli kama hiyo. Imemtaja mlipaji na imetaja bei.

Na ikishindikana kabisa, tenganisha milango. Python 3.13 ya Oktoba 2024 ilileta nyuzi zinazokimbia sambamba bila kufuli moja kuu linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, lakini kama toleo la majaribio linalojengwa peke yake. Programu ya uzi mmoja kwenye toleo hilo ilibeba mzigo wa ziada wa takriban asilimia 40 kwenye vipimo vyao, na mtumiaji wa toleo la kawaida hakutozwa chochote. Kufikia 3.14 mzigo huo ulishuka hadi kati ya asilimia 5 na 10. Walipata muda wa kuitengeneza bila kumwumiza mtu ambaye hakuiomba.

Hatua ya 8: Hesabu milango utakayoifunga

Kuna gharama ambayo leo haina namba. Kipengele kinaweza kuiahidi programu jambo ambalo litaizuia kompaila ya kesho. Neno with la JavaScript ni mfano ninaowapa vijana wote wanaoanza kazi nasi. Linaruhusu majina ndani ya kipande cha msimbo yatafutwe kwanza kwenye kitu fulani, kwa hiyo kompaila ikiona jina haiwezi kujua mapema ni la kigeu gani. Mwaka 2009 hali kali ya ES5, toleo la tano la kiwango cha lugha hiyo, ililipiga marufuku, lakini msimbo wa zamani bado unalitegemea, na injini zote bado zinalazimika kulibeba.

Andika kwenye karatasi yako: kipengele hiki kikiingia, ni jambo gani ambalo kompaila haitaweza tena kulichukulia kuwa kweli? Hata kipengele kilichoonekana chepesi kwenye hatua ya 1 kipitishe hapa.

Hatua ya 9: Weka kikomo na daftari

Kikomo kiwekwe kabla ya namba kuonekana, la sivyo utakisogeza. Chetu ni hiki: tofauti ya A na B isizidi kelele tuliyoipima, na C isiwe nzito kuliko D. Lugha yako inaweza kuwa na nafasi zaidi.

Sababu ya kubana hivyo ni hesabu ya kuzidisha. Asilimia 2 peke yake hakuna atakayeihisi. Vipengele 20 vya asilimia 2 kila kimoja vinaifanya programu ichukue muda wa takriban mara 1.49 ya awali, na hakuna hata kimoja utakachoweza kukinyooshea kidole. Ndiyo maana tuna daftari la jumla: kila kipengele, tarehe, kilichopimwa, na nani analipa. Mtu akileta ombi jipya, tunasoma jumla kwanza.

Hatua ya 10: Endelea kupima baada ya kutoa

Simu mbili za Luthuli Avenue sasa zimelala mezani, zimechomekwa kwenye chaji, na kila usiku zinakimbiza kanuni za zamani kwa toleo la siku hiyo. Tofauti ikivuka kelele, badiliko halitolewi kwa wateja mpaka aliyeliandika aeleze kwenye daftari.

Kudaka hitilafu tulikuandika upya kwa jedwali, yale maandishi mawili yakatoka kwenye mwito, B ikarudi ndani ya kelele ya A. Faili ilikua kidogo, na hilo limeandikwa. Yule kondakta nilimpigia mwenyewe usiku wa kwanza wa toleo jipya, nikamwomba afunge siku tukiwa bado hewani. Jumla ilitoka kabla sijamaliza kumuuliza kama imetoka.

Ombi lililo mezani sasa ni la namba zinazobeba senti kamili bila kupoteza kitu kwenye kugawanya. Ni ombi la haki, sacco zinalihitaji. Lakini linagusa umbo la thamani, na kwenye karatasi, mstari wa kwanza wa walipaji nimeandika: kila kanuni ya nauli tuliyo nayo.